Farasi Asiye na Pensheni

Mwezi uliopita mzee mmoja aliingia ofisini kwangu, hapa Dar es Salaam ninapofanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, akavua kofia, akasimama mlangoni. Wateja wangu wa Lubumbashi ni wengi na wengi wao huingia na hasira, maana mizigo yao imekwama, kwa hiyo nilimwonesha kiti nikaendelea na simu. Nilipoikata akaniuliza, "Ma fille, binti yangu, ungali unamukumbuka farasi yetu?" Niliinuka ghafla nikajigonga goti kwenye droo ya meza. Uso ulikuwa umekunjamana na ndevu zilikuwa nyeupe kabisa, lakini ile sauti ya puani, na ile tabia ya kushika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani, ilikuwa ya Papa Kalonji tu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema kwamba mwaka jana alikwenda tena China, na kwamba ana habari ya Mstaafu, farasi wetu, ila habari hiyo haisemwi kwa tumbo tupu. Nikaagiza chai na chapati. Akala taratibu, kipande kwa kipande, akinitazama kwa pembe ya jicho, maana tangu zamani anajua kwamba mimi nikishikwa na swali situlii. Na kweli, wakati ule anatafuna, mimi nilikwisha kurudi Guangzhou zamani.

Mwaka wenyewe ni ule mji ule ulipopiga marufuku pikipiki. Nilikuwa msichana, nimekwenda kusoma lugha ya Kichina kwa mwaka mmoja, na nilikaa kwa Bi Hamida, mwanamke wa Unguja aliyekuwa na nyumba ya kupanga nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Alikuwa akipikia wafanyabiashara. Hapakuwa na kibao wala tangazo; ukipanda lifti ukasikia harufu ya iliki, ulikuwa umefika. Sebule ilikuwa ghala na mkahawa kwa pamoja. Watu walikaa juu ya marobota ya madera yanayosubiri kusafirishwa, sahani mapajani, wakila maharage ya tui la kopo ambalo Bi Hamida alilidharau na kulitumia kila siku. Mimi nilikuwa na kitanda changu nyuma ya pazia, na kwa kweli Guangzhou niliijua kwanza kwa masikio. Nililala nikisikia nani kapunjwa kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road, laoban gani, yaani tajiri gani wa Kichina, ana kitambaa kinachotoa rangi, na kontena la nani limebaki na nafasi. Kila kitu kilipimwa kwa CBM, mita za ujazo ndani ya kontena. Bi Hamida alikuwa na mteja mmoja mchoyo, na kila akitoka alikuwa akisema, "Yule roho yake haijazi hata nusu CBM." Asubuhi nilikwenda darasani kujifunza kumuuliza mtu njia ya maktaba. Mchana nilikuwa mkalimani wa watu wanaogombania vifungo na zipu, na huko ndiko nilikojifunza.

Papa Kalonji alikuwa mmoja wa waliokaa juu ya marobota. Alikuwa Mkatoliki wa Lubumbashi, kasoma kwa mapadri, mwenye Kifaransa cha kunyoosha na Kiswahili cha kukunja. Alinunua ndala na viatu, na kila jioni alimlalamikia Bi Hamida kwamba nyumba hii haijui bukari, ndivyo wanavyouita ugali kwao. Bi Hamida naye alimjibu kwamba nyumba hii haijui watu wasio na shukrani. Walipendana sana kwa mtindo huo. Siku moja akaja kwangu pembeni, ananong'ona. "Mama, unisindikize ku depo yangu. Kuna mutu nyuma ya ukuta. Kila asubuhi anakohoa, anagonga-gonga chini. Nawaza bamemufungia mule." Depo yake, ghala la viatu, ilikuwa Sanyuanli, ndani ya kijiji cha zamani kilichomezwa na mji, nyumba zimekaribiana hadi jirani anaweza kukupa chumvi dirishani. Nilikwenda mbio. Ningekwenda hata asingeniomba, maana mtu aliyefungiwa nyuma ya ukuta ni jambo ambalo lazima nilione kwa macho yangu.

Mwenye nyumba tulimwita Ayi, kama wanavyoitwa shangazi na mama wadogo kule. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele za kusokotwa kwa dawa, kalkuleta inaning'inia shingoni. Nilipomweleza shaka ya Papa alicheka kwa pua, akafungua mlango wa bati uliofuatana na wa depo, na mle ndani, katika mwanga wa tundu moja la paa, alikuwa amesimama farasi. Sikuwahi kumwona farasi karibu hivyo. Kwetu Unguja nilizoea punda wa gari, na chuoni tulihifadhi sura ya Kurani inayotaja farasi wanaohema, tukaisoma kwa sauti kubwa miaka yote bila hata mmoja wetu kujua farasi anahema vipi. Sasa nikajua. Hewa ilitoka puani mwake yenye joto na harufu ya majani yaliyolala, na nilishangaa kuona jinsi mnyama mkubwa namna ile alivyokuwa mwangalifu, alivyonusa mkono wangu kwanza, halafu sikio la Papa, halafu akarudi kutazama ukuta. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mbavu zinaonekana, kwato zimekua mbele hadi zimepinda kama viatu vya mtu mzima kwenye miguu ya mtoto. Papa alikuwa ameganda. Akasema tu, "Ee Mungu wangu," na akavua kofia.

Ayi alitusimulia huku akibonyeza kalkuleta bila sababu, kwa mazoea tu. Kaka yake alikuwa mtunza farasi katika uwanja wa mbio uliokuwapo mjini. Uwanja ulipofungwa, farasi wazuri walichukuliwa na wenye nafasi, wengine wakapelekwa asikokujua, na huyu akabaki hana wa kumtaka. Kaka yake akamleta hapa. Kaka sasa alikuwa amefariki. Kijiji nacho kilikuwa kimepigwa alama nyekundu ukutani, ile ya kubomolewa. Ayi angepewa nyumba katika ghorofa mpya, na farasi hapandi lifti. "Mei banfa," alisema, hakuna la kufanya. Mtu wa lori, anayenunua wanyama wa nyama, angekuja kumchukua kabla ya Mwaka Mpya wao. Nikamwuliza kama hakuna njia nyingine kabisa. Hapo Ayi akaigeuza kalkuleta kifudifudi juu ya ndoo, na kwa jinsi mji ule ulivyokuwa ukizungumza kwa kalkuleta, hata Papa alielewa kwamba hilo halikuwa suala la bei. Alikuwa amechoka tu, na hakutaka kuwapo siku lori litakapokuja.

Tulirudi kwa miguu mpaka tukafika kwenye daraja la waenda kwa miguu. Hapo Papa akasimama akashika chuma. "Mimi nilitumika mu kampuni ya shaba myaka mingi, mama. Siku moja banatuita mu uwanja, banasema, mwende nyumbani, kazi imekwisha. Haiko pensheni, haiko kitu. Nilikuwa na nguvu bado." Alinionesha mikono yake kana kwamba mimi ndiye niliyeikana. "Uyu farasi, batu balikuwa banamupigia makofi. Leo habamutake." Nilimhurumia sana, na papo hapo nikawa na swali lililonitesa mwaka mzima: kwa nini mtu aliyejaa mizigo yake mwenyewe aongeze farasi? Nyumbani, Bi Hamida aliposikia kisa chote, alitua mwiko akasema, "Basi huyo ni mstaafu. Mstaafu asiye na pensheni, kama Papa hapa." Jina likaganda. Kuanzia siku ile hapakuwa na mtu aliyesema farasi. Watu waliingia na vumbi la Zhanqian Road wakauliza kabla ya kukaa, "Mstaafu vipi?"

Nilidhani kumtafutia farasi wa bure mtu wa kumchukua ni kazi rahisi. Nani anakataa cha bure? Kumbe cha bure kinakula. Tulikwenda mimi na Papa nje ya mji kwenye shule ya matajiri wanaojifunza kupanda farasi, sakafu inang'aa kuliko ya hoteli, na msimamizi kijana alitusikiliza kwa adabu, akauliza umri, akauliza meno, akauliza miguu, kisha akatupa chai ili tusione aibu ya kutoka mikono mitupu. Alituambia jambo ambalo sikulijua: kumnunua farasi ni sehemu ndogo, mzigo ni kumweka. Kwato zake zinataka fundi, na mji mzima hauna mafundi wa kutosha. Tumbo lake linataka majani mengi, na huko majani yalikuwa yanageuka maghorofa. Tukamleta mpiga picha wa kwenye bustani, mwenye farasi wa kupandisha watoto. Mstaafu alisubiri amalize kumkagua, akamnyang'anya kofia, akaitafuna. Mpiga picha akaondoka kichwa wazi, anatukana kwa lugha ambayo hawakunifundisha darasani.

Wazo la kumsafirisha lilikuwa la Papa mwenyewe, na lilipokewa sebuleni kama hoja ya bunge. Wakala wa mizigo, kijana wa Kariakoo, alikuwa anakula pweza. Akafuta vidole, akauliza, "Urefu? Kimo? Anakunjika?" Papa akasema kiumbe cha Mungu hakikunjiki. "Basi ni CBM nyingi, Papa. Na chini yake huwezi kupanga kitu. Halafu atakunywa wapi maji njia nzima? Nikimweka juu ya ndala zako utazipata Lubumbashi zimeiva." Watu walicheka hadi marobota yakatikisika. Papa hakucheka. Aliendelea kwenda Sanyuanli kila asubuhi na gunia la vilele vya miwa alivyopewa na wauza juisi. Alimpata mzee mmoja wa kijijini aliyewahi kufuga nyumbu wa kubeba mizigo, naye mzee akazipunguza zile kwato kwa patasi, na Mstaafu alipokanyaga chini alitembea kwa tahadhari, kama anayejaribu viatu dukani.

Ikaingia Ramadhani. Anayeijua Ramadhani ya ugenini atanielewa: watu hupikiana kupita kiasi ili wasahau walipo. Sebuleni kulikuwa na tambi, katlesi, visheti, mkate wa kumimina, uji wa pilipili manga, na kila mmoja alitaka kumlisha mwenzake ili apate thawabu za kumfuturisha mfungaji, lakini wenzake wote walikuwa wameshiba. Ndipo Bi Hamida alipotamka maneno yaliyotugharimu. "Kwani mnyama hana thawabu? Mstaafu yupo, mnatafuta masikini gani mwingine?" Asubuhi yake msafara ulikwenda Sanyuanli na vyombo. Mstaafu alikula mkate wa kumimina wote. Alikula tambi na visheti, akalamba sufuria, akala chapati za Mkenya mmoja aliyesikia kuna sadaka inatolewa. Sisi tulisimama tumefurahi, maana nani kati yetu alijua? Kwetu, kiumbe akila ndiyo afya. Punda wa Unguja nimewaona wakila maboksi.

Siku iliyofuata, baada ya Adhuhuri, Papa alinipigia simu na sikuelewa anachosema, Kifaransa chote. Tulimkuta Mstaafu amelowa jasho, anageuza shingo kutazama ubavu wake mwenyewe, anajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma, anajaribu kulala. Ayi alikuwa amemwita daktari wa nguruwe, ndiye aliyekuwa karibu. Akaniuliza amekula nini. Nikatafsiri: mkate wa mchele, tui na sukari. Na nini? Tambi za sukari. Na nini? Unga wa ngano uliokaangwa, ukamwagiwa sukari. Daktari alifumba macho. Kisha akanieleza, na mimi nikawageuzia wenzangu, kwamba farasi hawezi kutapika. Alivyoumbwa, kikiingia hakirudi. Lazima kipite chini au kimuue. Akampiga sindano, akamtia mafuta tumboni kwa mpira wa kupitia puani, akasema atembezwe, asiachwe kugaagaa chini, matumbo yakijisokota ndiyo basi. Mpaka lini? Mpaka atoe. Bi Hamida aliposikia hivyo aliketi juu ya ndoo, akafunika uso kwa ukaya wa kichwani. "Nimemuua kwa mkate wa kumimina," alisema, na Papa, aliyekuwa na kila haki ya kukasirika, akamshika bega. "Simama, mama. Tutembee."

Tukatembea. Vichochoro vya kijiji kile ni vyembamba, farasi akipita wewe unajibana mlangoni mwa mtu. Tulizunguka kwa zamu, watu wenye saumu, midomo mikavu, mbele ya kinyozi, mbele ya duka la sabuni, nyuma ya choo cha umma, tena kwa kinyozi. Wachina walitoka na bakuli zao kututazama. Mwanzo walicheka: Waafrika wa nguo ndefu wanasindikiza farasi, katika mji ambao hata pikipiki imefukuzwa. Halafu mmoja akauliza kuna nini, nikamwambia, na habari ikatutangulia, tukawa tukipita wanatuondolea baiskeli na ndoo njiani. Kila mmoja wetu alipewa zamu ya kushika kamba isipokuwa Papa, ambaye hakuiachia hata mara moja; sisi tulibadilishana upande wa pili. Midomo yake ilikuwa ikienda na rozari, ya Bi Hamida na tasbihi, na mimi katikati yao nilikuwa nikisikiliza tumbo la Mstaafu, limenyamaza kimya. Magharibi ilituingilia tukiwa kwa kinyozi. Tulifungua saumu kwa tende moja moja, tukitembea, na yule kinyozi akatupa maji kwenye vikombe vya kunyolea.

Ilikuwa kwenye kona ya duka la sabuni. Mstaafu alisimama. Papa akamvuta, akagoma. Akainua mkia, na kitu ambacho mahali pengine popote ni uchafu wa njiani kikaanguka chini, kingi, kina mvuke. Bi Hamida alipiga vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile hata harusini, vilipanda zile kuta zilizobanana vikatokea angani huko juu, na madirisha yote yakafunguka. Wachina wakapiga makofi. Papa Kalonji alilia waziwazi, amekumbatia shingo ya mnyama, na mimi nikalia pia, kwa furaha na kwa njaa. Nikamwona Ayi. Alikuwa amekaa kizingitini, kalkuleta imeachwa mbali, anacheka na kufuta macho kwa kiganja.

Kesho yake baada ya futari alituita, akatutengea chai, akasema kuna mtu mmoja ambaye hakutaka kututajia. Kaka yake alikuwa ameacha mjane, huko mashambani kaskazini ya mji, mwenye shamba la miti ya matunda ya lichi. Nafasi ilikuwapo, majani yalikuwapo. Ayi alikwishamwomba kwenye matanga, na mjane alimjibu: "Maisha yake yote alikuwa na huyo farasi, kwangu alikuja Mwaka Mpya tu. Leo amekufa, mnaniletea?" Nilitafsiri. Bi Hamida akatua kikombe, macho yakimng'aa, akasema, "Kumbe ni mke mwenza! Mbona hukusema, Ayi? Sisi tulikuwa tukihangaika na majani na kwato, kumbe suala ni uke wenza." Akatufafanulia kama wanafunzi wake. Mke mwenza hapakuliwi kwa lori mlangoni kwa bibi mkubwa. Bibi mkubwa huendewa kwanza, na watu wazima, na kitu mkononi, akaombwa radhi. Akikubali, amekubali mwenyewe. "Hatumpeleki Mstaafu. Tunakwenda wenyewe." Papa aliona ni upuuzi wa watu wa pwani. Lakini hakuwa na jingine, na lori la nyama lilikuwa njiani, kwa hiyo alivaa suti.

Bi Hamida alitoa kikapu cha halua alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Idi, udi, na jozi ya kanga mpya, akazifunga kwenye kitambaa cheupe. Tulipanda basi mimi, yeye, Papa na Ayi. Mjane alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono ya kazi, na hakutukaribisha wala hakutufukuza. Aliendelea kupogoa mti. Ilipokaribia Magharibi, wakati wa chakula cha jioni, aliona haya akakamata kuku, ndipo Bi Hamida akaniambia nimwombe kisu, amchinje yeye, maana sisi hatuli asiyechinjwa kwa dini yetu. Nilitafsiri nikiogopa. Mjane alimtazama, akamkabidhi kuku na kisu, akasogea kuona. Kazi ya Bi Hamida ilikuwa safi, na nadhani hilo ndilo lililofungua mlango. Wakaingia jikoni wote wawili. Nilikaa kizingitini, moshi machoni, nikiyabeba maneno yao huku na huku. Mjane alisema mumewe alikuwa akinuka farasi hata kwenye picha ya harusi ya binti yao. Bi Hamida akasema, "Wangu alioa kweli, mwenzangu, kamweka mtaa wa pili. Wako kaoa farasi. Shukuru, huyo hazai." Nilisita kulitafsiri hilo. Nikalisema. Mjane aliweka chini kifuniko cha sufuria, akacheka kicheko cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu, kikavu mwanzoni, kikalainika.

Jua lilipotua tulikula sote. Baada ya kula Bi Hamida alifungua kitambaa, akamtandikia kanga mabegani, akasema kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake: "Tumekuja upande wa mwenzio. Tunakuomba radhi kwa miaka yote uliyokaa peke yako." Mjane alishika pindo la kanga, akalisugua kwa vidole kupima uzito wa pamba kama wafanyavyo wote kule. Kisha akasema atampokea, kwa sharti moja. Asije mtu akamwachia tena kiumbe halafu akapotea. Mmoja wetu atoe ahadi ya kurudi kuwatazama, yeye na farasi. Papa Kalonji akasimama, akavua kofia. "Mimi," alisema, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Lori pekee lililojua kubeba farasi lilikuwa la yule mtu wa nyama, naye alitukodishia bila kinyongo. Mstaafu alikataa kupanda. Papa alipanda yeye kwanza, akakaa chini ndani kabisa, akamzungumzia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, siri zao, mpaka akamfuata. Tulipoondoka shambani, kanga ya mjane ilikuwa inaonekana kati ya miti, na Mstaafu nyuma yake, anaivuta pindo. Miezi michache baadaye mwaka wangu ukaisha nikarudi nyumbani. Viza zikawa ngumu, kijiji kikabomolewa, Bi Hamida akarudi Unguja akafia huko, Mungu amrehemu. Papa sikumsikia tena, na mara nyingi nikiwa bandarini, kontena linafunguliwa, nimejiuliza kama ile ahadi ilitimia au ilibaki maneno ya siku ile.

Sasa, mezani kwangu, Papa alikuwa amemaliza chapati. Akajifuta mikono. "Walininyima viza mara nyingi," alisema. "Bintu vyangu nikaenda kununua Dubai. Lakini nilikuwa nimesema, 'Mimi.' Mwaka jana, kwa pesa ya mwisho, nikaenda." Mjane alikuwa amezeeka sana, lakini alimtambua kabla hajafika getini, akaingia ndani akatoka amejifunga ile kanga, imepauka hadi maua hayaonekani. Alimpeleka chini ya mti wa lichi. Mstaafu alikuwa amezikwa hapo, alikufa kwa uzee, amesimama kivulini kwake. Papa alisali. Nikadhani habari ndiyo hiyo, nikaanza kumpa pole, akanizuia kwa kidole. Mjane alikuwa amemshika mkono akamwongoza hadi kwenye ua, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa nguvu: "Mu-si-ta-fu!"

"Na bakaja, mama. Kundi ya farasi. Wazee bote, mwingine kipofu, mwingine anachechemea. Ile shule ya matajiri ilimuletea. Ule wa picha, mwenye kofia, alimuletea. Batu balisikia kuna mwanamuke anapokea. Nikamuuliza, banaitwa nani? Anasema, bote ni Mstaafu. Na bote banaitikia."

Alichukua kofia yake mezani, akaigeuza-geuza kwa mikono miwili, akatazama dirishani kule ziliko kreni za bandari.

"Wakati aliita," akasema, "hata mimi nilikaribia kuitika."